Nikinywa siwezi kuingia msikitini, nisiponywa siwezi kusema

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mkaazi wa Malindi, nina miaka 32, nafanya kazi hotelini. Tangu niko darasa la saba naogopa watu. Siogopi kwamba watanipiga, naogopa wakinitazama. Mwalimu akinisimamisha nisome, sauti ilikuwa inakauka na mikono inatetemeka, darasa zima linacheka. Nikajifunza kukaa nyuma. Kazini nilianzia stoo, nikawa sawa. Sasa ni mwaka wa tatu nimewekwa mapokezi. Mgeni akinitazama nikimwandikia risiti, kalamu inacheza mkononi. Mwenzangu mmoja akanitilia vodka kidogo kwenye chupa ya soda, na siku ile nikafanya kazi kama mtu mwingine. Leo ni robo lita karibu kila siku ya kazi, na asubuhi mkono hautulii mpaka nipate funda moja. Kwetu ni nyumba ya dini. Hakuna anayejua, au labda mama anajua na amenyamaza. Ramadhani iliyopita niliacha kwa mkupuo. Siku ya pili nikatoka jasho, nikatetemeka mwili mzima, usiku mara tatu sikulala, nikawa nasikia mtu ananiita. Mama akaniletea kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, nikanywa, ikapita. Baada ya Idi nikarudia. Miezi minne ijayo natakiwa kuoa. Nikinywa siwezi kuingia msikitini, nisiponywa siwezi kulijibu lile neno mbele ya wanaume wote wale. Rafiki yangu ana vidonge vya Valium. Nilimeza kimoja nikatulia kabisa. Je, niache pombe niwe natumia hivyo? Au kuna tiba ya kweli? Na nianze na lipi, hofu au pombe?

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza maswali matatu, lakini nitaanza na lile ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo linaloweza kukuua: zile siku za Ramadhani.

Jasho, kutetemeka, kukosa usingizi na kusikia sauti siku ya pili baada ya kukata pombe ghafla ni mambo tunayoyajua vizuri. Vijana wa mitaani wanaoacha unga wana jina lao, wanaita arosto, na pombe nayo ina arosto yake. Tena ya pombe ni hatari kuliko ya heroini, jambo ambalo wengi hapa Malindi hawaliamini mpaka walione. Mwili uliozoea kunywa kila siku huanza kulalamika baina ya saa 6 na saa 24 tangu funda la mwisho. Atakayeanguka kifafa, mara nyingi huanguka ndani ya siku mbili za mwanzo. Halafu kati ya siku ya pili na ya nne, wachache huingia katika hali mbaya zaidi: homa, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa hata mtu asijue yuko wapi, kuona wadudu wakitambaa ukutani. Hali hiyo isipotibiwa huua. Wewe ulifika kwenye kizingiti chake ukarudi, na ulikuwa umefunga, mchana kutwa hakuna hata tone la maji lililoingia mwilini.

Sina ugomvi na kombe la mama. Alikuletea kwa mapenzi, na huenda lilikutuliza moyo. Ila ilipita kwa sababu arosto ya pombe, kwa asiyekufa nayo, hupita yenyewe ndani ya siku tano hadi saba. Na ujue kwamba kila mtu anapokata ghafla kisha akarudia, mara inayofuata huelekea kuwa kali zaidi. Usingoje Ramadhani ijayo ufanye vilevile.

Kwa hiyo nitakuambia neno ambalo litasikika la ajabu kwa daktari kumwambia Muislamu: usikate pombe leo usiku peke yako chumbani. Nenda uiache mikononi mwa wanaojua kuiachisha, tena uende wiki hii. Mpaka utakapoonwa, usiongeze hata kidogo, na usikate kwa mkupuo. Ukianza kuchanganyikiwa, ukaona visivyokuwepo, au mtu akakuona umeanguka, hiyo ni safari ya hospitali saa ileile, hata kama ni saa nane za usiku na hata kama nyumba nzima itajua.

Unavyoachishwa ni hivi. Kwa mtu wa kiwango chako, mara nyingi hupewa diazepamu kwa dozi inayopunguzwa kila siku, kwa wiki moja hivi, pamoja na vitamini B1, kwa kuwa mnywaji huishiwa nayo na ubongo huumia ikikosekana. Wengine hulazwa, wengine huja kila siku wakaonwa na kurudi nyumbani, kama kuna mtu wa kukaa nao. Wewe ulishasikia sauti, na mimi ningependa ulazwe.

Sasa angalia kichekesho. Diazepamu ndiyo hiyohiyo Valium ya rafiki yako. Kidonge kile kwa mkono wa muuguzi anayehesabu ni cha kuokoa maisha, na kwa mfuko wa rafiki ni shimo la pili pembeni ya shimo la kwanza. Kimekutuliza kwa sababu kinabonyeza ubongoni palepale panapobonyezwa na pombe. Ndugu zake unawajua kwa majina ya mtaani, bugizi ni mmojawapo. Ukikimeza kila siku, ndani ya wiki chache mwili unakizoea, unataka viwili, na kukiacha kunaleta arosto ileile ya jasho na kifafa. Na siku utakapokimeza ukiwa umeshapiga robo yako, viwili hivyo vinasaidiana kuipunguza pumzi ukiwa usingizini, pengine isirudi. Jibu langu kwa swali lako la kwanza ni hapana, na kile kilichobaki kwa rafiki kibaki kwa rafiki.

Nakuja kwenye pombe yenyewe. Watu wengi watakuambia pombe haisaidii. Nadhani wanakosea kusema hivyo, na ndiyo maana huwasikilizi. Inasaidia. Kwa saa mbili au tatu inaizima hofu kuliko karibu dawa yoyote niliyo nayo kabatini. Shida iko kwenye namna inavyosaidia.

Wewe ni mtu wa mji wa bahari, umeona mashua ikienda mrama. Upepo ukiwa mkali mabaharia hukaa upande wa goshini, kule upepo unakotoka, wengine wakaning'inia nje kwenye ubao, ili chombo kisilalie upande mmoja. Ubongo wako ndivyo unavyofanya. Pombe inausukuma upande wa utulivu, nao unajibu kwa kuhamia upande wa pili, upande wa tahadhari na wasiwasi, ili mambo yakae sawa. Kisha saa tisa za usiku pombe inaisha. Upepo umekatika ghafla, na mabaharia wote bado wako goshini. Chombo kinalala upande wa kwao. Huko ndiko kuamka alfajiri moyo ukidunda, ukiwaza ulichomwambia mgeni jana na kama alikunusa. Huko ndiko kutetemeka kwa asubuhi.

Tazama basi ulipofika. Ulichokuwa unakiogopa tangu darasa la saba ni mkono kutetemeka mbele za watu. Dawa uliyoichagua sasa ndiyo inayoutetemesha. Unaamka na ushahidi mkononi kwamba wewe ni mtu wa kutetemeka, unakunywa funda ili uufiche, na kesho ushahidi unarudi mkubwa zaidi. Robo lita ya kinywaji cha asilimia 40 ina takriban gramu 80 za pombe tupu. Kipimo cha maswali 10 cha Shirika la Afya Duniani, kinachoitwa AUDIT, huhesabu kinywaji kimoja kuwa kama gramu 10, maana yake unakunywa vinane kabla ya chakula cha jioni. Katika kipimo hicho alama 8 ni za kuanza kuangalia, na 20 huashiria utegemezi. Kwa haya uliyoandika tu, hesabu yangu inagusa 20. (Wako wanaoniambia wao hunywa mnazi tu, kitu cha shambani. Mnazi uliogemwa alfajiri na huohuo ukifika mangweni jioni si kinywaji kimoja, maana unaendelea kuchacha ndani ya dumu. Ini halina kabila.)

Pombe ina wizi mwingine, nao ni mbaya zaidi kwa mtu mwenye hofu. Miaka mitatu umekaa mapokezi. Umepokea wageni mamia, umewacheka Waitaliano kwa Kiitaliano chao, umesuluhisha ugomvi wa vyumba, na hotelini hawajakuondoa. Ni nani aliyefanya yote hayo? Ukijiuliza usiku, unajibu: ile chupa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwako mambo yamepinduka, tembo ndilo linalosifiwa na mgema hapati kitu. Kila siku uliyofanya kazi vizuri ilikuwa somo kwamba unaweza, na kila somo limeandikwa jina la pombe. Ndiyo maana miaka mitatu ya mazoezi haijakupunguzia hofu hata chembe. Mtu asiyekunywa, akikaa mahali pale miaka mitatu, kwa kawaida angekuwa ameshazoea kidogo.

Hofu yako ina jina hospitalini na ina tiba. Imekuwa katika orodha za magonjwa kama ugonjwa unaojitegemea tangu 1980. Kwa Kiswahili wengine huiita wasiwasi wa kijamii, mimi napenda kuiita hofu ya macho ya watu kwa sababu wagonjwa wangu hawahitaji kufafanuliwa. Katika nchi nyingi zilizopimwa, takriban watu 4 katika 100 hupitia hali hii wakati fulani maishani, na wengi huanza wakiwa karibu na miaka 13, umri wa darasa la saba. Wewe umeniandikia historia ya kitabuni.

Huku kwetu inachelewa kugunduliwa kwa sababu tunaisifu. Mtoto hasemi mbele ya wageni, anatazama chini, hatoki nje: mtoto ana haya, amelelewa. Na haya ni sehemu ya imani, hadithi tunaijua. Lakini mwenye haya huacha ovu kwa kuona aibu. Wewe unaacha mema: huendi kumzika jirani kwa kuogopa safu ya watu, humpelekei mjomba salamu, hukai barazani. Haya haimnyimi mtu haki yake ya kusema. Nimewaona pia waliopelekwa kupungwa kwa kudhaniwa wana jini la kimya, na waliporudi walikuwa kimya vilevile, ila familia sasa ina deni la mbuzi.

Kabla ya kuendelea, kuna mambo mawili ambayo daktari atakayekuona lazima ayaangalie. Muulize akisahau. Kuna mtetemeko wa kurithi, ambao si wa hofu kabisa: mkono hutetemeka ukishika kikombe au kalamu hata mtu akiwa peke yake, mara nyingi baba au shangazi anao pia, na ajabu yake ni kwamba hupungua mtu akinywa pombe kidogo. Wako watu waliogeuka walevi kwa sababu ya mkono tu. Jichunguze: enzi zile kabla ya vodka, ukiandika peke yako chumbani, mwandiko ulikuwaje? Kama ulitulia, ni hofu. Kama ulicheza hata pale, useme. La pili ni tezi ya shingoni, ikifanya kazi kupita kiasi huleta mtetemeko, jasho na moyo kwenda mbio, na kipimo cha damu hulimaliza suala hilo. Na mwambie ukweli kuhusu muguka, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha. Kaunti ya Kilifi ilijaribu kuupiga marufuku 2024, mambo yakafika mahakamani, sitaki kuingia humo. Kinachonihusu ni kwamba anayetafuna mchana na kunywa jioni anakanyaga mafuta na breki kwa pamoja, na akiwa na hofu hii hatulii kamwe. Kahawa tungu vikombe sita nayo ina lake.

Swali lako la mwisho, nianze na lipi, ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu wataalamu wenyewe wamelikosea. Dhana ilikuwa rahisi: mtu anakunywa kwa ajili ya hofu, basi iondoe hofu na pombe itajiondokea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tiba cha South Carolina kule Marekani, Carrie Randall na wenzake, waliijaribu. Katika utafiti wao wa 2001 baadhi ya watu walitibiwa pombe peke yake, wengine wakatibiwa pombe na hofu kwa wakati mmoja. Waliotibiwa vyote viwili walitoka wakiwa wamekunywa zaidi ya wenzao. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba mazoezi ya kukabili watu yaliwasukuma kwenye chupa, kwa kuwa chupa ilikuwa bado ndiyo ngao wanayoijua. Baadaye, 2008, kundi hilohilo likawapa wanywaji 42 wenye hofu hii dawa ya hofu iitwayo paroksetini, au kidonge kitupu kisicho na dawa, kwa wiki 16. Hofu ilipungua kwa waliopata dawa. Unywaji haukupungua. Walichokiacha ni kunywa kwa ajili ya kuzima hofu, lakini waliendelea kunywa, kwa mazoea na kwa mwili kudai.

Kwangu mimi fundisho ni hili, na si kila daktari atakubaliana nami: hofu ndiyo iliyokuingiza kwenye pombe, lakini huwezi kutokea mlango ulioingilia. Pombe sasa ina miguu yake. Kwa hiyo utaachishwa pombe kwanza, kwa wiki ile niliyoieleza. Kisha wiki tatu au nne za kukaa bila pombe, ukiendelea kuonwa, ambazo zina faida mbili: zitatuonyesha ni kiasi gani cha wasiwasi wako kilikuwa cha pombe yenyewe, maana wengine hushangaa nusu imeondoka, na zitakupa mkono uliotulia. Dawa ya hofu inaweza kuanza ndani ya wiki hizo hizo. Mazoezi mazito ya kukabili watu yaje baada yake. Ukihitaji msaada wa kutorudia, kuna naltreksoni inayopunguza ile hamu, ikiwa ini lako linaruhusu. Ipo pia disulfiramu, inayomfanya mtu augue vibaya akinywa. Hiyo ni ya anayejua na aliyekubali. Familia zinazoisaga zikaitia kwenye mchuzi wa kijana wao kwa siri zinacheza na moyo wake, na mama akija kushauriwa hivyo na majirani, mwonyeshe maneno haya.

Dawa za hofu yenyewe ni zile zinazoitwa za sonona, jina linalowachanganya watu. Sertralini ni mojawapo, esitalopramu nyingine. Hazileweshi, hazikutulizi siku hiyo, na ukimeza moja kabla ya zamu hutahisi kitu. Daktari huanza na dozi ndogo, kwa sertralini ni miligramu 25 au 50 kwa siku. Wiki ya kwanza huenda tumbo likachafuka na wasiwasi ukaongezeka kidogo, na hapo ndipo wengi huzitupa. Vumilia, isipokuwa ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, hapo rudi kwa daktari siku hiyohiyo. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki nne hadi sita, na kwa hofu hii wakati mwingine hufika 12. Zinaweza kuchelewesha mambo ya unyumba. Nakuambia mapema kwa sababu wewe ni bwana harusi, na sitaki ulione hilo usiku wa fungate ukadhani umelogwa. Linarekebishika kwa kubadili dozi au dawa. Ukipona zinaendelezwa miezi kadhaa, kisha zinapunguzwa taratibu.

Ipo pia propranololi, dawa ya moyo inayozuia mkono kutetemeka na kifua kudunda kwa saa chache. Wapiga muziki na wasomaji hadharani huitumia. Haiponyi hofu, na mwenye pumu haruhusiwi kabisa. Isikie kama fimbo ya kuvukia dimbwi moja.

Tiba ninayoiamini zaidi ni ya mazungumzo na vitendo, ya mtu mmoja na mtaalamu wake, vikao kama 14 hivi. Miongozo ya Uingereza ya 2013 iliiweka mbele ya dawa, na msingi wake ni kazi ya wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells ya 1995. Waliona kwamba mwenye hofu hii, akiwa mbele ya watu, hawatazami watu. Anajitazama mwenyewe. Ndani ya kichwa chake kuna kioo, na kioo hicho kimechorwa na hofu: anaona mkono unaruka kama samaki aliyetolewa majini, wakati aliyekaa mbele yake anaona kalamu tu. Na ana vijimbinu vya kujificha, kama kuikaza kalamu, kuegemeza kiwiko kwenye meza, kuandika haraka, kutotazama mtu. Vijimbinu hivyo ndivyo vinavyofanya mkono ukaze na kutetemeka.

Zoezi la kwanza hufanyika mara mbili. Unaongea na mtu dakika tano ukijitazama na kutumia mbinu zako zote, kisha dakika tano nyingine ukiziacha na kumtazama yeye: amevaa nini, anasema nini, ana meno mangapi ya mbele. Halafu mnalinganisha. Watu hutarajia ile ya pili iwe mbaya, na wengi hutoka wameduwaa. Zoezi jingine ni kurekodiwa kwa simu. Kabla ya kutazama unaeleza utakachokiona, alama 1 hadi 10, kisha unatazama kana kwamba ni mtu usiyemjua. Aliyejipa 9 kwa kutetemeka hujikuta anatafuta mtetemeko wenyewe uko wapi.

Kisha mnatoka nje, na Malindi ni mji mzuri kwa hili, mdogo wa kutosha kuogopesha. Nenda sokoni ukaulize bei ya nazi kwa wauzaji watatu usinunue kwa yeyote. Panda tuktuk ukajifanye umesahau jina la unakokwenda. Keti barazani wakati wa kahawa, na siku moja utikise kikombe kwa makusudi, kimwagike kidogo kwenye sahani. Wote hunikatalia hilo la mwisho, kisha hulifanya. Kinachotokea kwa kawaida ni kwamba mzee wa pembeni anasogeza miguu na kuendelea na habari ya ruzuku ya boti. Umeogopa jambo hilo kwa miaka ishirini, nalo limechukua muda wa kusogeza miguu.

Turudi msikitini. Najua sheria inamruhusu bwana harusi kumweka wakili akubali kwa niaba yake, na mwenye maswali juu ya hilo amuulize kadhi, si mimi. Lijue kama akiba, likupunguzie kukabwa. Lakini mimi nisingependa ulitumie, kwa sababu utaingia kwenye ndoa ukiwa umejithibitishia kwamba hukuweza. Miezi minne inatosha, ukianza wiki hii: mwezi wa kwanza kuachishwa na kutulia, dawa ikianza ndani yake, na miezi mitatu ya mazoezi. Hatutafuti utulie siku hiyo. Bwana harusi gani hatetemeki? Tunatafuta useme "nimekubali" huku moyo ukidunda, jambo ambalo wanaume wengi utakaowaogopa walilifanya hivyohivyo. Lisome lile neno mbele ya mdogo wako, kisha mbele ya wawili, kisha nenda ukakae ndani ya msikiti uleule kati ya alasiri na magharibi, ulitamke kwa sauti ya kusikika na mtu mmoja aliyekaa nguzo ya pili.

Wapi pa kwenda? Hospitali ya serikali ya Malindi imekuwa na kliniki ya methadoni tangu 2015, na kwa sababu hiyo watu wa mjini hudhani anayefika pale kwa jambo lolote la ulevi ni teja. Methadoni haikuhusu, ni ya heroini. Wewe ingia wagonjwa wa nje, useme unataka kuonwa kwa afya ya akili na pombe. Kama unaogopa kwamba binamu yako anafanya kazi kwenye faili, na katika mji wetu daima kuna binamu kwenye faili, panda matatu mpaka Kilifi, kilomita 60 hivi, au Mombasa, ambako hospitali ya Port Reitz ina huduma za magonjwa ya akili kwa miaka mingi. Laini ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, ya bure, na kwa mtu anayeogopa sura za watu simu ni mlango mzuri. Mikutano ya walioacha pombe huwasaidia wengi, ingawa kumwambia mtu kama wewe asimame ajitambulishe kwa kundi ni kumtupa bahari kuu. Ukienda, kaa nyuma usiseme kitu, hakuna atakayekulazimisha.

Mtu mmoja nyumbani ajue, kwa ajili ya zile siku za kuachishwa. Nadhani umeshaniambia ni nani. Anayekuletea kombe siku ya pili ya kutetemeka bila kukuuliza kitu hajakosa kuelewa. Mchumba ni suala jingine, ila ningependa ajue kabla ya nikaha kuliko baada yake, na wewe ndiye utakayechagua siku.

Najua pia utafika kwa daktari, aulize "una tatizo gani?", na koo litakauka. Utasema unaumwa kichwa, utapewa panadoli, utarudi nyumbani. Basi usijaribu kueleza. Barua hii uliyoniandikia ina kila anachohitaji: umri ilipoanza, kiasi unachokunywa, funda la asubuhi, sauti za Ramadhani, kidonge cha rafiki. Inakili kwenye karatasi na umpe. Ongeza juu yake tarehe na saa ya kinywaji cha mwisho, kwa sababu ndilo swali la kwanza atakalotaka kujibiwa. Mkono ukitetemeka wakati unamkabidhi, uache utetemeke, naye auone.